Kwa Mpinzani Wangu Aliyeondoka na Kuniachia Ngoma Zake

Mpendwa mpinzani wangu, yaya Aline,

Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya vijana kwenye uwanja wa kanisa letu hapa Pinetown, nikainua fimbo ya kuongozea, na kabla sijaishusha nikageuka kutazama upande wa lango. Ni mazoea tu. Miaka yote ile ya mashindano, upande huo mlisimama ninyi wa Cato Manor, mashati meupe na tai za kijani, na wewe mbele yao umekunja mikono kama mama mkwe anayekagua jiko la watu. Safari hii langoni palikuwa na gari la mchungaji peke yake. Niliporudi nyumbani nikaamua kukuandikia, na ninaandika waziwazi ili waliotujua wasome pia, maana wapo wanaosema bendi zetu za ngoma zimekufa.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa bado msichana wa shule, familia yetu haijazoea Durban, huku Afrika Kusini, tangu tutoke Bujumbura. Papa Deo ndiye aliyetukusanya. Siku za kazi alikuwa mlinzi kwenye kiwanda cha rangi, lakini Jumamosi alikuwa jenerali wetu. Alitufundisha ngoma za gwaride, zile za kuvaa begani kwa mkanda, kama alivyofundishwa yeye parokiani kwao akiwa kijana. Tulijiona hodari sana, kwa sababu hatukuwahi kusikia bendi nyingine. Kisha akatuambia kuwa vijana wa makanisa yetu ya Kiswahili watashindana Jumamosi ya kabla ya Pentekoste, huko Cato Manor, na kwamba Wakongomani wa huko wana fanfari yao, yaani bendi ya gwaride kama yetu.

Tulifika tukakuta mmeshapanga mistari. Nilikuwa nahangaika na ngoma yangu, inanigonga magoti kila nikipiga hatua, ukaja moja kwa moja hadi kwangu, msichana nisiyemjua, ukanigeuza kwa bega.

“Mkanda wako iko legelege,” ukasema. “Simama vizuri.”

Ukaukaza. Halafu ukarudi kwenye mstari wako mkatupiga vibaya mbele ya mama zetu. Baadaye nilikuja kukushukuru, nikakuita Aline, ukanisahihisha papo hapo. “Yaya Aline,” ukasema. “Nimekuzidi umri, na leo nimekuzidi ngoma.” Kwetu yaya ni mtu anayelea watoto wa watu, kwenu ni dada mkubwa, nami kwa hasira nikajiambia nitakuita hivyo kwa maana ya kwetu. Sijui ni mwaka gani nilianza kukuita kwa maana ya kwenu.

Unakumbuka saluni? Ulipoanza kusuka nywele pale mjini karibu na kituo cha teksi, nilikuwa napanda teksi kutoka Pinetown mpaka kwako, wakati wasusi wapo hata mtaani kwetu. Mama aliuliza sababu, nikamwambia mikono yako ni mizuri. Kweli ilikuwa mizuri, lakini wote wawili tulijua kilichonipeleka. Ulinisuka huku unanichunguza. Ulikuwa unaanza na habari za shule, kisha habari za kanisa, halafu kama mtu asiye na haja unauliza mwaka huu papa Deo ametupa mpigo gani wa kuingilia uwanjani. Mimi nami nikawa nasikiliza vidole vyako, kwa sababu ulikuwa na tabia ya kugonga kichana mgongoni mwa kiti ukiwa unafikiri, na mwaka mmoja niliukariri mpigo wenu mzima hivyo hivyo. Nilipoupiga kwenye mashindano, kwa kuwachokoza, uliniangalia toka upande wa pili ukacheka mpaka ukashindwa kuongoza. Wiki iliyofuata ulinisuka nywele za kubana kiasi kwamba sikuweza kufumba macho vizuri. Sikulalamika, nilistahili.

Lakini siku ninayoisimulia kwa kila anayejiunga na bendi ni ile gari lilipotuharibikia. Sisi tulikuwa tumetangulia na teksi, ngoma ziko nyuma kwenye bakkie, pikapu ya muumini mmoja, ikazimika njiani kwenye mteremko wa kuingia mjini. Zamu yetu ikaitwa hatuna hata kijiti. Wazee waliokuwa waamuzi wakasema kwa upole kwamba itabidi tutoke kwenye mashindano, kwani ukumbi ulikuwa na harusi jioni. Watoto wa bendi, ambao nilikuwa nimeanza kuwaongoza, wakaanza kulia. Papa Deo alivua kofia akaishika tu mkononi.

Wewe ulikuwa umeshapiga. Ukatoka mstarini, ukafungua mkanda, ukaweka ngoma yako chini miguuni pangu. “Watapiga na zetu,” ukawaambia waamuzi. Vijana wako walinung’unika, mmoja akasema kwa sauti kwamba unawapa adui silaha. Ukamgeukia. “Nikimshinda mtu hana ngoma, nitakuwa nimeshinda nini?”

Tukapiga kwa ngoma zenu, tukashinda. Hukufurahi hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya nikupende. Hukujifanya. Ulinipa mkono, ukakusanya ngoma zako, ukaondoka. Simu yangu ilikaa kimya siku nyingi, kisha ikaja meseji yako: ngoma ni zetu, kwa hiyo kombe ni nusu letu. Nikakujibu kwamba nusu yenu ni ile ya chini ya kushikia. Basi tukarudi kuwa tulivyokuwa.

Nisingependa kuyarudia sana ya mwaka huu, lakini barua isiyoyataja itakuwa ya uongo. Makundi ya watu wasiotaka wageni yalitugeukia, maduka ya watu wetu yalifungwa, wengine walitolewa nyumbani, nasi pamoja na ninyi tukajikuta kwenye uwanja mmoja wa michezo, chini ya mahema meupe, tukipanga foleni ya supu. Watu wazima walikaa kutwa wakitazama simu zao. Watoto nao walikaa vilevile, na hilo ndilo lililonitisha, watoto waliokaa kimya kama wazee. Ukaja kwenye hema letu, umefunga kitambaa kichwani, ukasema, “Kesho asubuhi repetisyo.”

Nilidhani umechanganyikiwa, mazoezi ya ngoma mahali kama pale! Wazee walikataa kabisa. Papa Deo mwenyewe alisema kwamba mlio wa ngoma ungevuka ua na kuwaita watu tusiowataka. Hukubishana naye. Asubuhi ukaketisha vijana wako kwenye majani, ukaniambia niwaketishe wangu mbele yao, wakitazamana, na ukawaamuru wapige mapaja yao kwa viganja. Sauti ilikuwa ndogo, haikufika hata kwenye foleni ya maji. Mlianza ninyi na mpigo wenu wa zamani. Wangu wakajibu kwa wetu. Mkazidisha kasi, tukazidisha. Mtoto mmoja wa kwetu akapotea akapiga paja la jirani yake, na safu zote mbili zikaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia tangu tuingie mle. Mama zetu walikuja mmoja mmoja wakasimama pembeni na mabeseni yao. Papa Deo naye akaja, akamwinamia kijana wa kwenu, siyo wetu, akamwambia mkono wake wa kushoto unachelewa. Tangu siku hiyo hatukukosa mazoezi hata asubuhi moja.

Tulipotoka kambini na Pentekoste kukaribia, mchungaji wenu alisema mwaka huu hakuna mashindano wala gwaride la Jumapili barabarani, tungoje hali itulie. Nami nilikubaliana naye, sitakuficha. Niliogopa. Wewe ulinipigia simu ukasema maneno niliyoyaandika nyuma ya mlango wa chumba changu: “Tusipopita barabarani mwaka huu, mwaka kesho tutaogopa zaidi.” Mama yangu hakunipa ruhusa wala hakuninyima. Aliamka Jumapili, akanipigia pasi shati, akaliweka juu ya kitanda, akaenda kukaa uani.

Tukapita tukiwa bendi moja, tai zenu za kijani na zetu za buluu zimechanganyika. Tulianzia kwenye robot, zile taa za barabarani, kule chini tukapandisha mlima kuelekea kanisani kwenu. Nyumba za mwanzo mapazia hayakufunguka. Kwenye kona palikuwa na vijana wamekaa juu ya kreti, wakatutazama, na watoto wakaanza kusogeleana mistarini. Hukugeuka nyuma. Uliinua tu mkono juu zaidi, nasi tukapiga kwa nguvu zaidi.

Kisha yule gogo, bibi wa Kizulu uliyekuwa unanunua kwake magwinya, maandazi ya huku, kila asubuhi akatoka getini kwake na aproni yake, mikono ina unga. Alikusimamisha katikati ya barabara. Alikuuliza kwa Kizulu umekuwa wapi siku zote hizi, mbona hukumuaga. Ukamshika mikono ile yenye unga. Yeye hakungoja jibu. Alijipanga kando ya mstari wetu akatembea nasi hadi mlango wa kanisa, polepole, kwa hiyo nasi tukapunguza mwendo, na majirani wawili watatu wakatoka wakamfuata. Mmoja wa wale vijana wa kwenye kreti akatuinulia kidole gumba akasema shapu, ndiyo “poa” ya huku. Sijui alimaanisha nini. Niliipokea.

Karatasi zenu za kwenda Kanada zilitoka majira ya baridi. Mlikuwa mmezingoja tangu ukiwa mtoto, nilifurahi kwa ajili ya mama yako, na nilikukasirikia wewe. Siku ya kuniaga ulinipeleka kwenye stoo ya kanisa lenu, ukanionyesha ngoma zenu zote zimepangwa ukutani. “Zipigwe,” ukasema. “Usizifunike na shuka kama maiti.” Nikaahidi.

Sasa nisikilize, yaya. Tuliendelea kama bendi moja, watu walitusifu, na tukaharibika. Vijana walianza kuchelewa. Mipigo ilikuwa ile ile kila wiki. Hakuna aliyekosea na hakuna aliyejali. Baadhi ya wazee wakasema tuuze nusu ya ngoma tununue kinanda. Siku moja papa Deo alikaa nami nje ya ukumbi akasema kwa huzuni kwamba vijana hawa hawana mtu wa kumshinda, na mtu asiye na wa kumshinda anapiga kelele tu.

Nikaigawanya bendi. Ndiyo, mimi. Niliwasimamisha wote, nikawapa wa Cato Manor tai zao za kijani, nikakodi bakkie, nikazirudisha ngoma zenu stoo kwenu. Wazee walinijia juu: kwa nini ninatenganisha watoto ambao matatizo yaliwaunganisha? Niliwajibu kwa heshima, lakini sikurudi nyuma. Niliwaambia kwamba kule kambini tulisimama kwa sababu tulikuwa tumekazana kushindana miaka mingi, kila mmoja akimjua mwenzake anavyopumua, na kwamba nitawalea watoto hawa katika ushindani huo huo, wapende wasipende.

Uongozi wa kwenu nimempa Grâce. Alikuwa mdogo kuliko wote kwenye safu yako ya nyuma, sasa ni msichana mrefu mwenye mdomo. Juzi nilipanda hadi Cato Manor kuona kama wanahitaji msaada. Nilifungua mlango wa ukumbi, akaja mbio akanizuia kizingitini.

“Hapa iko repetisyo ya Cato Manor,” akasema. “Ungoje inje.”

Akanifungia mlango usoni. Nikabaki kwenye ngazi, mkoba mkononi, nikisikiliza. Walikuwa wanapiga mpigo nisiojua umetoka wapi. Si wako, si wa papa Deo. Ni mgumu, una mitego, na katikati wananyamaza ghafla halafu wanaingia wote kwa pamoja kama mtu mmoja. Niliposhika teksi kurudi Pinetown nilikuwa nimeshaanza kuwaza jinsi ya kuwajibu.

Hatungoji Pentekoste. Tunashindana Jumamosi ijayo, uwanjani kwetu. Grâce atasimama upande wa lango na sitamwonea huruma hata kidogo, na ninamwomba Mungu Grâce naye asinionee. Kaa karibu na simu yako, yaya. Atakayeshindwa ndiye atakayekupigia.

Kwaheri kwa sasa, uvae nguo nzito,

Mdogo wako na mpinzani wako wa Pinetown