Studio ya Mama Mkubwa

Jumamosi, 3 Mei

Daktari wa koo amepanga: upasuaji Jumanne ya tarehe ishirini. Uvimbe utatoka, hilo halimpi wasiwasi. Sauti ndiyo hawezi kuiahidi. Inaweza kubaki, inaweza kukwaruza, inaweza kwenda zake moja kwa moja. Mama Mkubwa akauliza kama ataendelea kula. Akaambiwa ndiyo. Basi, akasema, andika hiyo tarehe.

Niliyelia kwenye korido ni mimi. Mgonjwa ndiye aliyenipa leso.

Amenilea tangu nina miaka miwili, mdogo wake, yaani mama yangu mzazi, alipofariki. Kufua, kupika, kujibu watu kwa heshima (hili bado tunajifunza), vyote nimevipata kwake, na nusu yake alinifundisha kwa kuimba. Nimeamua. Kabla ya tarehe ishirini nyimbo zake ziwe ndani ya kompyuta. Studio humu humu nyumbani — mimi, muuza vipuri vya pikipiki!

Jumapili, 4 Mei

Stoo imepanda cheo. Tumetoa ndoo, baiskeli mbovu na viatu visivyo na wenzao. Mume wangu ni seremala, na meza ya kompyuta kaipima mara tatu kama anajenga daraja. Juu yake: kompyuta, kipaza sauti, kijisanduku cha kuviunganisha, hedifoni mbili. Nyaya zimezagaa kila mahali.

Nikachomeka. Kimya. Nikachomoa, nikachomeka tena. Kimya. Nimekitukana kile kipaza sauti mpaka nikaishiwa, kumbe kina kitufe cha kuwashia ubavuni. Mume wangu alikiona mapema. Eti alidhani najua ninachofanya. Tumenuniana hadi chakula cha mchana.

Jumatano, 7 Mei

Sauti sasa inaingia, ila inaingia na mtaa mzima. Feni, mlango wa jirani, nyundo ya mume wangu. Blanketi zote ziko ukutani, godoro la wageni liko nyuma ya mlango. Wageni watajijua.

Friji nayo inanguruma. Nikaizima, nikasahau kuiwasha. Maziwa yote yameharibika. Mama Mkubwa kayanusa, kasema studio yako ina njaa, mwanangu.

Jumamosi, 10 Mei

Amekuja kurekodi. Kavaa gauni lake la kutokea na hereni. Nikamwambia hakuna kamera. Akasema sauti nayo inajua umevaa nini.

Nikamvika hedifoni, nikamsogezea kipaza sauti. Mstari wa kwanza ukatoka safi, nywele zikanisimama. Wa pili taratibu. Wa tatu taratibu zaidi, na katikati ya mistari ananyamaza, kafumba macho. Wa nne nusura asiumalize.

Koo. Limeshaanza. Na mimi siku zote hizo nilikuwa nahangaika na mablanketi! Nikamwambia apumzike. Alifumbua macho akanitazama kama mtu aliyekatizwa maongezi. Nikaenda bafuni, nikafungulia maji ili asinisikie.

Jumapili, 11 Mei

Yale yale. Anavuta, ananyamaza, anavuta. Anasema yuko sawa kabisa. Hivyo ndivyo anavyosema hata akiwa na homa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempigia fundi aliyeniuzia kompyuta, kumwambia kipaza sauti nakiuza. Akauliza kwa nini. Nikamweleza. Akaniambia nivae hedifoni mimi mwenyewe niseme neno lolote.

Nikasema, “Haya.” Kimya kidogo. Ndipo “haya” yangu ikanifikia masikioni, imechelewa kama mtu aliyepitia sokoni.

Sio koo! Kompyuta ndiyo inachelewa kurudisha sauti, na anayejisikia amechelewa lazima avute mguu. Fundi kanielekeza kwenye mipangilio, kuna namba ya kupunguza. Nimeipunguza. Sasa sauti inarudi papo hapo. Nimemkumbatia mume wangu, kaniuliza amefanya nini.

Jumamosi, 17 Mei

Nyimbo nne kwa mkupuo. Hakusita popote. Sauti nzima, pumzi ya kutosha, mimi huku natabasamu peke yangu.

Ila yeye hakutabasamu. Kavua hedifoni, akaigeuzageuza mikononi.

“Mwenzangu leo hayupo?”

“Mwenzako yupi, Mama?”

“Aliyekuwa ananifuata nyuma.”

Nikamweleza yote: sauti ni yake mwenyewe, ilikuwa inachelewa, ilikuwa kasoro, nimeshairekebisha. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Najua ni mimi,” akasema. “Nina uvimbe wa koo, sio wa akili. Lakini mama yako alikuwa na sauti hii hii. Mtu akiwa nje hajui nani ni nani. Na alikuwa anachelewa hivi hivi. Tukifua, mimi naanza, yeye anadakia, nasubiri amalize ndipo niingie mstari mwingine. Nikimwacha ananuna siku nzima.”

Kumbe hakuwa anachoka. Alikuwa anasubiri.

Mimi sauti ya mama yangu sina. Nina picha moja, amevaa sweta, amefunga mdomo. Wiki nzima sauti iliyofanana na yake imekuwa humu stooni, na mimi nimepiga simu nikaelekezwa jinsi ya kuiondoa.

“Mrudishe, mwanangu,” akasema. “Kama haisumbui.”

Jumapili, 18 Mei

Kesho asubuhi tunamlaza hospitali. Leo ndiyo leo.

Ile namba ya zamani siikumbuki. Nimejaribu kwa kubahatisha, yeye kakaa kwenye kiti anatoa hukumu. Huyu ana haraka, si yeye. Huyu kasinzia. Huyu ni jirani. Nikaongeza kidogo. Akaimba mstari, akasubiri, bega lake likashuka.

“Huyo,” akasema. Kwa sauti ndogo.

Nimevaa hedifoni ya pili. Naandika haya sakafuni, mgongo kwenye godoro, naisukuma kalamu polepole isisikike. Mume wangu kaweka nyundo chini bila kuombwa. Mama Mkubwa anaimba wimbo wa kulaza mtoto, ule wangu, na nyuma yake anakuja yule mwingine. Sauti ile ile, lakini ya mtu anayefuata. Nalia na sijali. Nampenda huyu mama kiasi ambacho sijawahi kumwambia, na leo siwezi kumwambia, nitaharibu rekodi.

Nimetazama kioo cha kompyuta. Inayoingia ni sauti yake peke yake. Anayefuata anasikika kwenye hedifoni tu, harekodiwi. Kila baada ya mstari kuna nafasi tupu, ndefu kidogo. Nikikata nafasi hizo wimbo utakuwa mzuri, wa haraka, kama wa jana. Sizikati.

Ametulia. Nilidhani amemaliza, lakini taa ya kurekodi inawaka na yeye haondoki. Kavua hedifoni yake yote, kaiweka mapajani. Sasa hamsikii mtu yeyote nyuma yake.

Kaanza tena wimbo, mstari wa kwanza, akinitazama mimi. Amenyamaza. Mimi sijawahi kuimba mbele ya mtu, yeye anajua, kila mtu anajua. Mstari wenyewe naujua.

Bado ananitazama. Haingii wa pili