Namba ya Simu Kwenye Kadi Zangu

Mabatini, Mwanza

Dada yangu Koku,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama huko, na mguu wa Mama umepungua uvimbe. Sisi huku tunapumua. Neema ameota meno mawili, anauma kila anachoshika. Utashangaa nimekuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani, lakini ukisoma utaelewa. Barua nimempa mama jirani anayekuja Bukoba kwa meli, akukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Unajua biashara yangu ya keki ilikuwa imeanza kushika. Watu wakila kwenye ubatizo wanauliza nani kaoka, nami sina cha kuwapa. Ndipo shemeji yako akasema tutengeneze kadi wenyewe hapa nyumbani, maana ile printa anayochapia mitihani ya wanafunzi wake ipo. Dada, Jumamosi ile nilifurahi. Tulikaa bega kwa bega mbele ya kompyuta, yeye akichagua herufi, mimi nikizikataa zenye mikia. Tukaweka waridi pembeni na jina langu, Aneth, siyo Mama Neema. Tulipofika kwenye simu akaandika namba yake. Alisema yangu haikai na chaji, nisije nikapoteza wateja. Nikaona ananijali. Printa ilikuwa inatafuna zile karatasi ngumu za manila, ikabidi tuilishe karatasi moja moja, halafu nikakata kwa rula na mkasi mpaka vidole vikaota malengelenge.

Nikazigawa kanisani, saluni, sokoni. Kimya. Kila nikimuuliza shemeji yako, anasema hakuna aliyepiga. Nikaanza kuamini keki zangu ni mbaya.

Mwezi uliopita nilishuka Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa. Mama mmoja wa Sengerema niliyewahi kumpa kadi akanishika mkono, akanipa pole ya mgongo. Nikamuuliza mgongo gani. Kumbe alipiga kuniagiza keki ya sendofu, ya kumuaga binti yake anayeolewa, mume wangu akamjibu kwamba nimeacha kuoka, mgongo umeharibika. Basi walikula keki ya mtu mwingine.

Jioni nilimngoja amalize kusahihisha madaftari, nikamuuliza. Hakukana.

"Wanaume nao wanapiga, Aneth. Nitajuaje nani anataka keki?"

"Huyu alikuwa mwanamke."

"Leo mwanamke. Kesho je?"

Kisha akaniomba chai.

Asubuhi yake nilichukua kadi zilizobaki, nikakata ule mstari wa chini wenye namba, nikaandika yangu nyuma kwa mkono. Alizikuta mezani. Hakugomba, Dada; angegomba ningejua pa kushika. Alibeba printa akaipeleka shuleni. Simu yangu akaitia mfukoni, akasema betri imechoka, anaipeleka kwa fundi. Mpaka leo iko kwa fundi. Kadi sikuziona tena.

Sasa nikitoka naaga hata kama naenda kununua mayai. Nikichelewa namkuta amekaa mlangoni na mtoto mapajani, ananiuliza kwa upole nilikuwa na nani. Majirani wanasema nimepata mume anayenipenda. Nikipanda kwenye mawe huku juu kuanika nguo, naliona ziwa lote lilivyo wazi, halafu nasikia ananiita.

Hanipigi. Hilo ulijue, maana Baba ndilo atakalouliza kwanza, na akishajibiwa atasema nivumilie.

Msalimie Mama, na Shangazi aliyenifundisha kuoka kwa jiko la mkaa, na kaka yetu mkubwa huko kwenye migomba. Hao waambie sijambo. Ila wewe, Dada, nakuomba kitu kimoja. Siku ukiniona nimefika na Neema mgongoni na begi moja, nipokee kama mgeni yeyote, unipe maji ya kunywa, na usiniulize narudi lini.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Aneth