Kahawa ya Ma Leokadia

Jumatano jioni, Muleba

Tena sikufanya makusudi, hilo niliandike kwanza.

Jirani yetu Ma Leokadia alikuja kunijulia hali. Nikamletea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni yeyote, akachukua punje zake. Tukaongea. Baadaye nikainuka, nikamletea tena. Akapokea, akashukuru. Nilipotokea na kikapu mara ya tatu, binti yangu Asimwe akasema mbele yake, "Mama, umeshampa mara mbili!"

Nilitamani kumrushia kikapu. Nimechoka kusahihishwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ma Leokadia akanyoosha mkono, akamsihi Asimwe kwa upole. "Mwache mama yako, waitu. Lete, nilikuwa bado naitaka."

Muuguzi aliniambia dawa za saratani zinasahaulisha, na kwamba hali hii hupungua. Itapungua lini, hakusema. Juzi nilisahau ndizi jikoni zikaungua. Jana jina la mjukuu wangu lilinipotea, nikamwita "wewe" mpaka giza likaingia. Naogopa isije ikafika siku ambayo...

Basi. Asimwe ameniomba radhi. Nimemsamehe nusu, nusu nyingine kesho, nikikumbuka.

Sasa hivi, kalamu ikiwa mkononi, ndipo limenijia jambo ninalolijua miaka yote. Mara zote tatu mgeni wangu alizifunga zile punje kwenye pindo la kanga. Ma Leokadia hana hata jino moja.