Doto Mmemwacha Wapi?

Jumanne. Jua limechoma tangu asubuhi.

Nimerudi, nimevua viatu mlangoni, nimekaa sakafuni. Hata maji ya kunywa naona uvivu kuyafuata. Sauti imekauka.

Uandikishaji wa darasa la awali bado unaendelea, na shuleni kwetu Misugusugu mwalimu wa awali ni mimi peke yangu. Wanamiminika tu. Kuna watoto wa wafanyakazi wanaoondoka alfajiri kwenda Dar, wa wauza matunda wa pale Kwa Mathias, wa familia zilizohamia kutoka bara zikaingia kwenye nyumba kabla hazijapigwa lipu. Mwaka huu wasichana wamezidi wavulana. Mikeka imekwisha, wa nyuma wanakalia maboksi.

Jana mwalimu mkuu alisema basi, atakayekuja aelekezwe shule ya jirani. Jirani yenyewe ni ng'ambo ya barabara kuu, kwenye malori. Mtoto wa miaka mitano!

Leo akaja mama mmoja, wamehamia kutoka Maneromango, kamshika binti mkono.

"Shikamoo mwalimu."

Nikaitika huku natafuta penseli. Nikauliza jina la mtoto.

"Kulwa."

Nilikuwa nimechoka, nikataka kutania kidogo. "Haya, na Doto mmemwacha wapi? Msije mkaniletea kesho, hapa hata pa kuweka kidole hapana."

Nani asingeuliza? Pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Ukimwona mmoja, macho yanamtafuta mwenzake.

Mama akatazama chini. "Doto hatunaye, mwalimu. Alitutoka masika yaliyopita."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikampa pole. Nikamwandika Kulwa. Mwalimu mkuu atanisema, na aniseme.

Kisha, kwa kutaka kurekebisha, nikauliza kama ana jina jingine la nyumbani ambalo tungemwita.

"Hapana, mwalimu. Jina lake ndilo hilo. Watu wanamuuliza, naye anawajibu."

Haikuchukua muda. Nilipowaambia watoto wasogee wampe Kulwa nafasi, mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, na Doto anakaa wapi?"

Kulwa akamjibu mwenyewe. "Amekufa." Halafu akauliza uji unanywewa saa ngapi.

Mimi ndiye niliyegeukia ubao, nikafuta mahali palipokuwa safi.

Nimechoka, lakini leo si kwa wingi wao. Nimekaa hapa nawaza kuwakataza watoto wasimuulize tena. Lakini nitalikatazaje jina la Doto mbele ya pacha wake? Atadhani amefanya kosa kuwa na mwenzake.

Sitakataza. Kesho nikiita majina, nikifika kwa Kulwa, ataitika. Nitatulia kidogo, pumzi moja tu, ndipo niite linalofuata.