Landrova ya Mzee Agustino

Jumanne, 1 Juni 1993

Kabichi zimeniozea tena Mlali. Mwenye lori aliahidi asubuhi, akatokea kesho yake. Basi, imetosha. Tunanunua gari letu. Siku hizi ruksa, mpaka muuza mafuta ya taa wa hapa Mwembesongo ana pikapu.

Mume wangu Abasi anasema nimwachie yeye. Bei ya gari anaijua kwa kusikiliza injini. Abasi ni fundi redio.

Alhamisi, 3 Juni

Tumekwenda Mafiga kwa Mzee Agustino. Kapunguzwa kazi kiwandani, anauza Landrova yake ili yeye na mkewe Yustina warudi kwao Songea wakajenge. Gari la kijani, refu, uso umechoka lakini limesimama vizuri.

Akataja milioni moja na nusu. Abasi akafunua boneti, akasema, "Mzee, hiki ni chuma." Ikawa moja na laki sita. Akaingia uvunguni, akatoka na vumbi kichwani, anasifia springi. Moja na laki saba. Nikamkanyaga Abasi mguu.

Mzee Agustino akasema, kwa upole kabisa, kwamba hata yeye hakujua gari lake ni zuri hivyo mpaka bwana mdogo alipomfafanulia.



Ijumaa, 4 Juni

Leo nimeuliza bei mwenyewe. Muuza nyama: milioni, kama tairi zimo. Mwalimu jirani yetu: mbili — lakini yeye hata baiskeli hana. Chausiku wa mchele ndiye kanipa la maana. Shemeji yake kauza Landrova ya umri ule ule kwa moja na laki nne, tairi mpya.

Za Mzee Agustino zina upara, na gia boksi inadondosha mafuta. Nikatoa tairi, nikatoa gia. Milioni moja na laki mbili. Hiyo ndiyo haki yake. Ikizidi, kanipiga. Ikishuka sana, nimempiga mimi.

Jumapili, 6 Juni

Jino! Shavu limevimba kama andazi. Nimekwenda Mafiga hivyo hivyo, nimejifunga kanga kichwani, Abasi nimemwacha nyumbani na redio zake.

Shikamoo yenyewe ilitoka kama ng'ombe. Mzee akaitikia, akarudia moja na laki saba. Nikaguna, kwa maumivu. Akasema basi, na laki sita. Nikatikisa kichwa, maana jino lilikuwa linapiga ngoma. Na nusu. Mama Yustina akaleta chai ya moto. Ikagusa jino, machozi yakanitoka. Mzee akababaika. "Mwanangu, usilie. Na laki nne."

Nikakimbilia nje kutema. Akanifuata mpaka getini, akashuka mwenyewe mpaka moja na laki tatu.

Sijasema neno.

Jumatatu, 7 Juni

Limeng'olewa. Naongea kama kawaida. Abasi hataki niongee. Anasema mdomo wangu uliofungwa una akili kuliko mafundi wote wa Morogoro. Jioni kaniletea pamba, ananifundisha kuijaza shavuni. Nimecheka mpaka kidonda kimevuja damu.

Nimekubali. Shilingi laki moja tu imebaki kufikia bei yangu, nikasema moyoni, nanyamaza mara moja, yanaisha.

Jumatano, 9 Juni

Naandikia Mlali, ndani ya Landrova. Tulikuja kulijaribu — Mzee usukani, mimi na pamba yangu mbele, Abasi na Mama Yustina nyuma.

Mzee hawezi kukaa na mtu aliyenyamaza. Tulipoanza kupanda, gia ya tatu ikachomoka. Akaibana kwa goti, akasema inafanya hivyo tangu zamani, basi moja na laki mbili. Ndiyo bei yangu! Nikataka kusema sawa. Pamba ikanikwama. Akaendelea mwenyewe. Paa linavuja: moja na laki moja. Kwenye kona mlango wa kushoto ukafunguka, nikaning'inia kwa mkanda wa mkoba: milioni kamili. Abasi huko nyuma ananifinya kwa furaha.

Tumesimama hapa, injini inatoa moshi. Mzee akaegemea usukani, akasema, "Chukua kwa laki nane, mwanangu. Tutajenga chumba kimoja badala ya viwili. Sisi wawili tunatosha." Mama Yustina akageuka kutazama migomba.

Wanaume wakaenda mtoni kuchota maji. Nikatoa pamba. Mama Yustina akaiona ilivyo nyeupe, akaniuliza jino lilitoka lini. Nikasema, "Juzi, mama."  Aliona haya kuliko mimi.

Waliporudi na ndoo nikatamka: "Baba, milioni moja na laki mbili." Abasi akaachia ndoo. Maji yote miguuni kwake.

Nilidhani Mzee atafurahi. Kakasirika. Anasema yeye si ombaomba, kashasema laki nane, na mimi mgonjwa. Nikamwambia siumwi. Akasema hapo ndipo ninapomtia wasiwasi. Nikamhesabia tairi, gia, na ile ya shemeji wa Chausiku. Akasema basi laki tisa, nisizidishe hata senti. Nikasema moja na laki mbili. Abasi akaniambia nimerogwa, akaketi chini kwenye tope. Mama Yustina kamwambia mumewe apokee, ajenge vyumba viwili, na choo. Mzee akasema hayo ni mambo ya watu wanaojua magari.

Sasa kajitenga kule kwenye migomba, kanipa mgongo. Mimi nimenuna humu ndani. Watu wa Mlali wanakusanyika, wamesikia kuna mnunuzi anayepandisha na muuzaji anayeshusha, wawili kati yao wanauliza kama nanunua na mbuzi.

Anakuja. Kaweka mikono nyuma. Anasema laki tisa na nusu, kwa sababu ya heshima yangu. Nimemjibu bila kuinua macho, moja na laki mbili, na mlango nitautengeneza mwenyewe. Kapiga tairi teke kwa hasira, lakini haondoki. Naweka kalamu chini, tuendelee kupatana.