Tuta la Tangawizi

Mdogo wangu Imas,

Salamu zikufikie huko Taiwani. Samaki wa bwawani wamenenepa, na Bi Icih jirani bado anakohoa. Mwenyekiti amenipa kazi ya kuandika maelezo ya kijiji chetu, yasomwe na wageni na wanunuzi wa viwanja. Nimesifia ubaridi wa asubuhi na maji ya chemchemi. Kiwanja cha kwanza kwenye orodha ni chetu, kile cha nyuma ya nyumba. Usininunie, paa linavuja.

Juzi alikuja mnunuzi kutoka Jakarta. Akauliza, "Kaka, ule udongo ulioinuka chini ya mianzi ni nini? Isije ikawa kaburi, mke wangu mwoga huyo!"

Nikacheka. "Kaburi wapi, bosi! Tuta la tangawizi lile."

"Basi Jumamosi nikija kusaini, unichimbulie kidogo nikachemshe."

Leo nimenunua tangawizi sokoni, nikaenda kuifukia pale, juujuu tu. Jiwe la mama nimelificha chini ya kitanda changu. Ukija Idi, tutamwombea dua humo chumbani.

Kaka yako,
Oman