Niliposema Unapanda Fisi

Dada yangu Kabula,

Mwangaluka. Bariadi nzima hii, mtu aliyejua Kijerumani alikuwa mmoja tu, na ndiye mimi mdogo wako. Haya, usinikunjie uso. Nilijua maneno mawili, niliyookota kwa fundi mwashi wa misheni, na moja lilikuwa tusi. Darasa la nne lenyewe lilinishinda.

Lakini unaikumbuka miaka ile biashara ilipoachiwa watu binafsi, mnunuzi mmoja wa pamba akaleta televisheni na jenereta, akafungua banda la video. Siku ya mnada akaweka mkanda wa kale wa Wajerumani, wa enzi filamu zinajifunza kusema. Sauti ilikwaruza kama ya mtu aliyefungiwa kwenye pipa. Nikakaa kando ya kioo kuwatafsiria watu kwa Kisukuma. Wewe ulikuwa benchi la mbele, mjane peke yako kati ya wanaume, ukimpigia makofi yule mwanamke wa suruali aliyeruka behewa hadi behewa, akawanyang'anya majambazi ndege yao.

Kabla ya hapo walimfungia chumbani. Nikageuka kuomba ugoro. Kutazama tena, yuko juu ya paa! Katokaje? Sikuona. Na watu wananingoja. Nikasema, "Ana dawa huyo! Ni kama dada yangu Kabula pale: ukuta kwake mlango, na safari zake anapanda fisi."

Banda lilicheka mpaka vumbi likatimka. Nawe ulicheka. "We mdomo, utaniponza!"

Wiki hiyo ndama watatu wa jirani wakafa. Kisimani wanawake wakaanza kukupisha uchote peke yako. Nilikwenda kwa jirani kukutetea, akanitazama taratibu, akasema, "Si ndugu yake mwenyewe ndiye aliyetuambia?" Asubuhi moja ukakuta panga limechomekwa mlangoni kwako. Ulifunga khanga zako mbili, ukapanda lori la pamba. Watu wa Shishiyu walikuona ukipita. Wa Lalago, mbele yake, hawakukuona.

Sasa wamemtaja mama mwingine kuwa mchawi, yule anayeishi nyuma ya kwako. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia, basi. Nilisimama mkutanoni nikasema: ya Kabula nilitunga mimi. Walicheka, dada. "Mzee huyu kwa hadithi!" Uongo wangu waliumeza mzima, ukweli wanautema. Jumamosi wanakaa tena, na jana nimesikia mtu akinoa.

Kila dereva wa lori nimempa nakala ya barua hii. Shemeji alipokuwa mgodini, barua zako zote kwake niliandika mimi, hata za matusi. Basi nakudai moja. Tafuta wa kukuandikia. Aseme uko hai, na kwamba hujawahi kupanda hata punda. Chini weka dole gumba, lile lenye kovu la mundu. Wanawake wa kisimani wanalijua, hawatasema hilo nalo nimetunga.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.